Woga na wema katika mwaka wa korona: ukurasa wa historia ya parokia yetu



Katika kurasa zilizotangulia za kitabu hiki cha yubile mmekwisha kusoma habari za mapadri waliotulea katika imani, za makatekista wa kwanza, za kujengwa kwa kanisa letu na mashule yetu. Sisi tumepewa kazi ya kuandika ukurasa ambao wengine walitushauri tuuache: habari za mwaka 2020, mwaka wa ugonjwa wa korona. Waliotushauri hivyo walisema kwamba yubile ni wakati wa furaha, na kwamba baadhi ya mambo ya mwaka ule yanatutia aibu. Tulifikiri sana juu ya maneno yao. Lakini tulikumbuka kwamba katika Agano la Kale mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa kuachiliana madeni, na deni lisilotajwa haliwezi kuachiliwa. Katika mwaka ule parokia yetu iliingia katika deni kwa mama mmoja na watoto wake wawili. Tutalieleza mahali pake. Kwanza yafaa tueleze jinsi mambo yalivyofuatana, ili watoto wetu waliokuwa wadogo, na wale waliozaliwa baadaye, wapate kuelewa.

1. Magonjwa tuliyoyajua zamani

Mji wetu wa Kisangani ni mji wa mto na wa njia. Kwa njia ya mto alikuja Padri Gabriel Grison wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, aliyefika kwenye maporomoko mwezi Desemba 1897 akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Kwa njia ileile zilikuja bidhaa na habari, na kwa njia ileile yalikuja magonjwa.

Wazee wetu waliujua ugonjwa wa malale. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 serikali ya wakoloni, hasa katika nchi za Uele kaskazini yetu, iliweka vizuizi barabarani, ikawadai wasafiri karatasi za waganga, ikawakusanya wagonjwa katika kambi walizoziita lazareti. Nia ilikuwa kuzuia ugonjwa usienee, lakini watu waliona jambo jingine: jamaa yao anachukuliwa na askari, anapelekwa mbali, tena wengi hawakurudi. Basi walijifunza kuficha wagonjwa na kukimbilia porini. Woga ule haukwisha pamoja na ukoloni. Ulibaki katika masimulizi ya jioni, na katika mwaka 2020 tuliusikia tena katika vinywa vya vijana wasiojua ulikotoka.

Mwaka 1976 ulizuka ugonjwa wa Ebola katika misioni katoliki ya Yambuku, upande wa Bumba, chini ya mto kutoka kwetu. Waliougua walikuwa 318, na waliokufa 280, na miongoni mwao walikuwamo watawa waliohudumia wagonjwa katika hospitali ya misioni. Daktari mmoja Mkongo aliyefika Yambuku siku zile za kwanza, Jean-Jacques Muyembe, ndiye aliyewekwa na serikali, miaka 44 baadaye, kuongoza vita juu ya korona katika nchi yetu yote.

Tena mwezi Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wa Beni, ikaenea Kivu ya Kaskazini na Ituri. Hizo ni nchi ambazo barabara yetu ya mashariki inazifikia, na wafanyabiashara wetu wana jamaa huko. Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2.200. Na tangu mwaka 2019 surua ilikuwa ikiua watoto katika majimbo yote ya nchi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 waliokufa walikuwa wamepita 6.000, wengi wao wadogo wasiofika miaka mitano.

Tunayaandika haya ili msomaji asidhani kwamba korona ilitukuta kama watu wasiojua mauti. Mama mmoja wa parokia yetu, aliyekwisha kuzika mtoto kwa surua, alituuliza siku moja mbele ya kanisa: «Mtoto wangu alipokufa, mbona redio ya ulimwengu haikusema kitu?» Hatukuwa na jibu. Hata leo swali lake lingali mbele yetu.

2. Jinsi habari zilivyofika

Tarehe 10 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza katika Kinshasa. Tarehe 18 Machi Rais wa Jamhuri, Félix Tshisekedi, alisema na taifa: mashule na vyuo vifungwe, ibada zikome, mikutano ya watu zaidi ya 20 ikatazwe, na marehemu watolewe katika chumba cha maiti wapelekwe moja kwa moja makaburini pamoja na watu wachache, pasipo matanga. Amri hizo zilianza kushika kesho yake, tarehe 19 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Tarehe 24 Machi ilitangazwa hali ya hatari, na Kinshasa ilitengwa na majimbo mengine. Ndege na mashua za abiria zilikoma kuja kwetu. Mizigo tu iliruhusiwa.

Kisangani ni mbali na Kinshasa, karibu kilometa 1.700 kwa njia ya mto. Siku za kwanza wengi walisema ugonjwa hautafika, kwa kuwa mashua zenyewe zinachukua majuma mengi. Wengine walisema ni ugonjwa wa wakubwa na wa wenye kupanda ndege. Wengine tena walisema haupo kabisa, ni mpango wa serikali wa kutafuta fedha za wageni. Lakini mtu yuleyule aliyesema asubuhi kwamba ugonjwa haupo, jioni alihama benchi aliposikia jirani anakohoa. Tuliyaona hayo kwa macho yetu, na kusema kweli tuliyafanya sisi wenyewe.

Simu zilileta habari kuliko watu walivyoweza kuzipima. Mwanzoni mwa mwezi Aprili waganga wawili wa Ufaransa walizungumza katika televisheni ya kwao juu ya kujaribu dawa katika Afrika, na siku chache baadaye Profesa Muyembe naye alisema kwamba nchi yetu iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Yeye mwenyewe alieleza upesi kwamba chanjo haitaanza kujaribiwa kwetu, lakini maelezo hutembea kwa miguu na woga hupanda pikipiki. Katika kata zetu akina mama waliwavuta watoto ndani kila walipoona gari la afya, hata lile lililoleta dawa walizokuwa wakizingojea.

Tarehe 15 Aprili tulisikia kwamba Mhashamu Gérard Mulumba, aliyekuwa Askofu wa Mweka, amekufa Kinshasa kwa ugonjwa huo. Hapo wengi waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Askofu alikuwa mtu wetu, si mtu wa televisheni ya mbali.

3. Kanisa lenye milango iliyofungwa

Parokia yetu ilikuwa imepita vita na njaa, lakini wazee hawakumbuki Juma Kuu lililopita pasipo watu kanisani. Mwaka ule Jumapili ya Matawi ilikuwa tarehe 5 Aprili, na Pasaka tarehe 12 Aprili. Tarehe 27 Machi Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amesali peke yake katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Picha yake ilitembea katika simu za vijana wetu, nao waliwaonyesha wazee. Tulielewa kwamba hatukuachwa peke yetu. Roma nayo ilikuwa imefungwa kama sisi.

Usiku wa Pasaka Padri Paroko aliadhimisha Misa pamoja na watu watano. Lakini aliamuru kengele ipigwe saa ya Gloria kama kila mwaka. Basi katika nyua, karibu na majiko, watu walisimama. Wengine walikuwa na mishumaa, wengine na taa za simu. Jamaa moja ilianza wimbo, jamaa ya ng'ambo ya njia ikaitikia, na wimbo ukaenda hivyo kutoka ua hata ua mpaka ukafika mwisho wa kata. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Tangu siku ile mpaka makanisa yalipofunguliwa, kengele ilipigwa kila Jumapili saa ya Misa, na kila jamaa ilisali nyumbani kwake, baba au mama akisoma Injili.

Maaskofu wa Kongo, tangu mkutano wao mkuu wa mwaka 1961, walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai. Tulikuwa tumezisifu jumuiya hizo kwa maneno miaka mingi. Mwaka 2020 zilipimwa. Zile zilizokuwa zimezoea kukutana kwa ajili ya michango tu zilinyamaza. Zile zilizokuwa zimezoea kutembelea wagonjwa ziliendelea, mtu mmoja kwa siku, akisimama mlangoni. Hapo ndipo tulipojua ipi ni hai.

Lililotuumiza kuliko yote ni kuzika. Katekista wetu mmoja mzee, aliyebatizisha na kufundisha vizazi vitatu, alikufa katika mwezi wa Mei kwa ugonjwa wa moyo. Hakuwa na korona, lakini amri ilikuwa moja kwa wote. Alitolewa asubuhi katika chumba cha maiti akapelekwa makaburini pamoja na watoto wake na padri. Sisi aliotufundisha kufanya ishara ya msalaba tulisimama kando ya barabara, mmoja mmoja, tukimngojea apite. Gari lilipita upesi. Watu wetu wanajua kwamba matanga ni mahali ambapo mwenye kufiwa anachukuliwa mzigo na wengine: huyu analeta makaa, yule anachota maji, mwingine anakesha. Mwaka ule mjane alirudi nyumbani akauchukua mzigo wake peke yake.

4. Njaa na maji

Wenye mshahara walikuwa wachache, na waliobaki walikula jioni kile walichokipata mchana. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia akae nyumbani, umemwambia alale na njaa. Bidhaa kutoka Kinshasa zilipungua, na bei ya sukari, chumvi na sabuni ilipanda. Walimu wa mashule yanayolipwa na wazazi walikaa miezi pasipo kitu. Tulimwona mwalimu aliyefundisha watoto wetu akiendesha kinga na kubeba abiria, kazi ya toleka ambayo mji wetu uliizoea tangu nyakati za vita. Hakuona haya, sisi ndio tuliogeuza uso.

Redio ilituambia kila saa kunawa mikono. Lakini katika kata nyingi maji hununuliwa kwa bidoni ya litri 20, au huchotwa kisimani na mtoni. Mama alipima: maji haya ni ya kupika, ya kunywa, ya kufua, na sasa ni ya kunawa mara kumi kwa siku. Tuliziona ndoo zenye bomba mbele ya maduka, nyingi zikiwa tupu. Tuliona pia mama mmoja, muuzaji wa lituma karibu na soko, ambaye ndoo yake haikukauka hata siku moja. Alipoulizwa kwa nini anampa maji hata asiyenunua, alijibu kwamba ugonjwa hauulizi nani amenunua.

5. Vitambaa vya sikukuu

Mwaka ule kwaya ya akina mama ilikuwa imenunua vitenge vya kushona nguo za sikukuu ya Pasaka. Walichanga kidogo kidogo tangu mwezi Oktoba. Makanisa yalipofungwa, vitenge vilibaki katika kabati la sakristia. Kisha ilitolewa amri ya kufunika pua na mdomo, na kile ambacho watu wa mji walikiita «cache-nez» kilianza kuuzwa sokoni franga 500, hata 1.000. Jamaa yenye watu wanane ingefanya namna gani?

Mwenyekiti wa kwaya aliwaita akina mama wachache. Walibishana. Mmoja alilia, kwa kuwa alikuwa ameuza kuku wake ili alipe mchango. Mwishoni walikubaliana kuvikata vitenge. Mafundi wawili wa cherehani, mmoja wa parokia yetu na mwingine mwislamu wa kata ya jirani, walishona pasipo kudai malipo. Walidai uzi tu. Vitambaa viligawiwa kwanza kwa wazee, kwa wauzaji wa soko, na kwa vijana wanaovusha watu kwa mitumbwi kwenda Lubunga. Kwa hiyo miezi kadhaa mtu aliweza kutembea Makiso au Mangobo akakutana na kitenge cha kwaya yetu katika uso wa mtu asiyemjua. Akina mama wale waliimba Pasaka ya mwaka 2021 wakiwa na nguo zao za zamani. Katika historia ya parokia hii hatujui sare nzuri kuliko ile ambayo haikushonwa.

6. Deni letu

Sasa tufike kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni.

Mama mmoja wa shirika letu alikuwa amekwenda Kinshasa mwezi wa Februari 2020, pamoja na watoto wake wawili, kumtunza mume wake mgonjwa. Mume alikufa kule, kwa ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani. Njia zilipofungwa, mama alikaa kwa jamaa waliochoka naye. Mwishowe alipata nafasi juu ya mashua ya mizigo, kati ya magunia, akapanda mto majuma mengi. Alifika Kisangani katika mwezi wa Juni, usiku, mvua ikinyesha.

Habari ilifika kabla yake. Jamaa wa mume walifunga mlango. Mwenye nyumba aliyompangisha alikuwa ametoa vyombo vyake nje. Mama alikuja na watoto kwenye baraza la shule ya parokia, wakalala pale juu ya saruji. Asubuhi viongozi wa shirika walikutana. Sisi tunaoandika tulikuwamo. Tulikuwa tumesali rozari pamoja na mama yule miaka tisa. Tulizungumza kwa muda mrefu, tukasema kwamba amri zinakataza mikutano, kwamba yafaa kuwangoja wakubwa wa afya, kwamba tunao watoto wetu. Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Kisha kila mtu akaenda kwake. Mama na watoto wakalala pale usiku wa pili. Hakuna hata mmoja wetu aliyepeleka chai.

Ni juma lilelile ambamo mji ulikumbuka miaka 20 ya vita ya siku sita. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, katika nchi isiyokuwa yao, na makombora kwa maelfu yalianguka juu ya nyumba zetu. Raia kwa mamia walikufa. Waliokuwako wanakumbuka kwamba siku zile nyumba yenye ukuta mzuri ilikuwa ya wote. Watu walijaa chini ya vitanda vya jirani wasiyewahi kusalimiana naye. Tuliogopa askari, na mlango wa jirani ulikuwa wokovu. Katika mwaka 2020 tuliuogopa mlango wa jirani.

Asubuhi ya tatu bibi mmoja mjane, mwanamemba wa Legio ya Maria, alikuja kwenye baraza la shule akiwa na ufunguo mkononi. Katika vita ile nyumba yake ndogo ilikuwa imeficha watu 17. Mmoja wetu alimkimbilia akamwambia: «Mama, angalia, wewe ni mzee, ugonjwa huu unaua wazee.» Bibi akajibu: «Mwanangu, mwaka ule ulipoingia chini ya kitanda changu, nilikuuliza umetoka wapi?» Yule aliyemkimbilia alikuwa mmoja wa wale 17.

Bibi hakufanya jambo la upumbavu. Hakumkumbatia mama wala watoto. Aliwapa jiko la nyuma ya nyumba, lenye mlango wake na dirisha. Aliweka chakula juu ya kiti, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita. Vyombo vyao vilioshwa mbali na vyake. Kila jioni alichora alama moja ya makaa ukutani. Kijana wa toleka alileta bidoni ya maji kila asubuhi na hakupokea franga hata moja. Alama zilipofika 14, na hakuna aliyekuwa na homa wala kikohozi, bibi alifungua mlango, akamshika mama mkono mbele ya kata yote, wakaketi wote kula sombe.

Baadaye, tulipokuwa tukijitetea, tulisema kwamba sisi tulifuata amri. Lakini bibi naye alifuata amri, kuliko sisi. Kujitenga siku 14, kunawa, kukaa mbali: yote yaliyotangazwa na waganga aliyatimiza. Kumbe amri haikutukataza kutenda wema. Tuliishika kama pazia la kufichia woga wetu. Hilo ndilo deni letu, na hatukulipata kwa kukosa maarifa. Tulikuwa tumehubiriwa mara nyingi habari za Msamaria, tena tulizijua kwa moyo. Siku ile tulipita upande mwingine wa njia, kama kuhani na Mlawi.

7. Milango inafunguliwa

Hali ya hatari ilikwisha katika mwezi wa Julai 2020. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho walirudi shuleni tarehe 10 Agosti, na makanisa yalifunguliwa tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Watu walilia walipoingia. Benchi zilikuwa na alama za chokaa, kila mtu mahali pake. Katika juma lililofuata tulisoma Misa ya kumwombea katekista wetu mzee, na mjane wake alipata mwishowe kusikia watu wakiimba kwa ajili ya mume wake.

Ugonjwa haukwisha siku hiyo. Mwezi Desemba mashule yalifungwa tena, na amri ya kutotembea usiku ilitolewa. Chanjo za kwanza zilifika nchini tarehe 2 Machi 2021, dozi milioni 1,7. Lakini woga uliozaliwa Aprili 2020 ulikuwa umekua: watu walikuwa wachache hata sehemu kubwa ya dozi hizo ilipelekwa nchi nyingine zisije zikaharibika. Na mwezi Septemba 2021 ulitangazwa ugonjwa wa uti wa mgongo katika Banalia, katika jimbo letu lenyewe la Tshopo, ukaua watu zaidi ya 200. Hapo wengi waliikubali chanjo, kwa sababu mauti yalikuwa karibu na waliochanja walikuwa watu waliowajua. Tumejifunza kwamba watu huamini dawa wanapomwamini mkono unaoileta. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza kwamba korona si tena hatari ya dharura kwa ulimwengu.

Bibi wa Legio alifariki mwaka 2023, katika usingizi, kwa uzee. Matanga yake yalichukua siku tatu. Wale 17 waliobaki hai walikuja, na mama wa Kinshasa ndiye aliyepika.

8. Ombi letu katika yubile hii

Kabla ya kuandika ukurasa huu tulikwenda kwa mama huyo kumwomba ruhusa. Alitusikiliza, akatupa viti, akakaa kimya muda. Kisha akasema tuandike, lakini kwa masharti mawili: jina lake lisiandikwe, wala majina ya waliomfungia mlango yasiandikwe, kwa kuwa watoto wao wanacheza na watoto wake. Tumeyashika masharti yote mawili. Lakini hakukataza sisi kujitaja, na ndiyo maana tumejitaja.

Ninyi mnajua kwamba katika Misa yetu ya Kongo, kwa utaratibu ambao Roma iliukubali mwaka 1988, tendo la toba halifanyiki mwanzoni. Tunalisikia Neno kwanza, tunahubiriwa, tunaungama imani, ndipo tunaomba msamaha, na mara baada ya msamaha tunapeana amani. Katika mwaka 2020 hata mkono wa amani ulikatazwa. Katika Misa ya yubile, saa ya toba itakapofika, viongozi wa shirika wa wakati ule tutasimama mbele ya watu wote. Hatutasema mengi. Kisha tutakwenda pale aketipo mama yule, pamoja na watoto wake ambao sasa ni warefu kuliko yeye, tutampa mkono wa amani ambao tulimnyima. Naye ana uhuru wa kuupokea au kutoupokea.

Tunawaomba ninyi msomao, hasa vijana: ugonjwa mwingine utakuja, kwa mto, kwa barabara, au kwa ndege. Mtakapousikia, shikeni amri za waganga, oshene mikono, kaeni mbali inapofaa kukaa mbali. Lakini wekeni kiti karibu na mlango, na juu ya kiti sahani yenye chakula. Hayo tu yalitosha mwaka 2020, na bibi mmoja peke yake aliyatenda.

Mwenyezi Mungu awapokee katika raha yake wote walioondoka mwaka ule pasipo matanga. Bikira Maria, Mama wa Rozari, aiombee parokia yetu. Na ninyi nyote tunawatakia yubile njema.